Mlango Wangu na Ziara ya Mtaa

Jumatatu, 3 Juni
Ziara ya mtaa ni Jumamosi! Kila mwaka watu huja kutoka Denver mjini kushangaa vijumba vyetu vya miaka ya hamsini, paa bapa na vioo hadi chini. Kila mwaka huingia kwa Lowell, jirani wa mkabala, mimi napitwa kama sipo. Eti bafu lake la waridi ni la asili! Mwaka huu sikubali. Nimenunua kopo la rangi ya chungwa kwa ajili ya mlango. Roberta, mke wangu, kasema nikwangue kwanza nione chini kuna nini. Huyu naye kwa kuchelewesha mambo!

Jumanne, 4 Juni
Mlango unawaka! Lowell kavuka barabara na kahawa yake, kauliza kama nauza maboga. Wivu tu.

Jumatano, 5 Juni
Balaa. Bi Lindqvist wa kamati ya ziara kapita. Kasema mtaa huu haujapata kuwa na mlango wa chungwa tangu ujengwe. Nisipoiondoa rangi hii kufikia Ijumaa, nisahau ziara, mwaka huu na mwakani. Lowell alikuwa anamwagilia maua muda wote huo. Ua lilelile!

Alhamisi, 6 Juni
Nimekwangua hadi mikono imevimba. Chungwa ikatoka, nyeupe ikatoka, kahawia ikatoka, kisha... buluu ya bahari! Rangi ya mjenzi mwenyewe! Roberta kafagia maganda ya rangi huku akitabasamu, nami nikachukia. Bi Lindqvist kaugusa mlango, machozi yakamlengalenga. “Merle, kumbe wewe!” Nikamwambia ulikuwa mpango wangu tangu mwanzo.

Jumamosi, 8 Juni
Ushindi! Foleni hadi barabarani, kwangu! Mchumia juani hulia kivulini. Lowell mwenyewe kapiga picha mlangoni, mdomo umemshuka. “Haya bwana, umenipiga bao.” Nikamkatia keki ya ndizi, kipande chembamba.

Jumapili, 9 Juni
Nimetafakari. Siri ya ushindi ni nini? Rangi! Sasa ukuta wa matofali wa mbele unauaibisha mlango wangu. Haujapakwa chochote tangu ujengwe, masikini. Roberta kasema matofali hayo ndiyo wageni waliyoyasifu kutwa nzima, na rangi ikishaingia kwenye tofali haitoki. Kaanza tena! Bi Lindqvist atakuja Jumanne kubandika kibao cha shaba, tuzo ya nyumba iliyotunza asili yake. Atapigwa na butwaa. Lowell kaniazima ngazi, kaniongezea na brashi yake kubwa kabisa, anacheka hadi jino la mwisho. Kumbe ana roho nzuri.

Upande wa kushoto tayari.