Pampu, Chujio na Dumu la Mama Cecilia

Jumatatu, 9 Juni

Mwezi wa tisa tangu nitoke Ulemo. Bado niko Manyoni, napalilia mikorosho ya watu. Mgongo umekufa ganzi. Mchana mke wangu Ritha kapiga simu: barua ya posa ya binti yetu Damari inaletwa Jumamosi. Kasema wageni wakikuta kiti cha baba kitupu, mdogo wangu Eliya atakikalia, na jibu atatoa yeye.

Eliya! Mtu aliyetangazia kijiji kizima kwamba nimekuja huku kulamba asali na kusahau wanangu!

Nimemwambia Ritha kiti kisiguswe, nakuja na pikipiki yangu. Kasema nipande basi. Basi? Nishuke na mfuko wa sandarusi kama nilivyoondoka? Hapana. Nataka Eliya aanze kusikia honi nikiwa bado kisimani, mwanzo wa kijiji.

Tatizo dogo: pikipiki inakohoa. Gasto, fundi wa ng'ambo ya barabara, kaisikiliza kidogo tu, kasema chujio la mafuta limeziba, na pampu isafishwe. Hii si ya kabureta, pampu yake imekaa ndani ya tangi. Nimpelekee kesho. Kisha akaongeza, mbele ya wateja, kwamba nisithubutu kuigusa mwenyewe, pampu haipaliliwi. Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini.

Basi kwake siendi. Nitasafisha mwenyewe nyumbani. Mimi nimeishia darasa la tano, lakini sayansi tulisoma.

Jumanne, 10 Juni

Nimetoka shamba, nikaanza. Kwanza kutoa petroli tangini. Nikanyonya kwa mpira. Nikameza. Nikalia machozi. Mama Cecilia, mwenye nyumba wangu, alikuwa ameinjika maharage kwenye jiko la mkaa pale pale uani. Akapiga ukelele kwamba kama nimechoka kuishi nikafie nyumba niliyojenga mwenyewe. Akahamisha jiko. Mimi sikuhama.

Petroli nimeitia kwenye dumu lake. Anauza asali ya Itigi, madumu matupu yamepangwa ukuta mzima. Nimechagua zuri, la njano, lenye mfuniko wake. Lilinata kidogo mkononi, lakini vumbi hakuna. Kazi hii inataka usafi.

Pampu ikatoka. Chujio lake ni dogo, kama soksi ya kichanga, na lilikuwa jeusi kama sufuria ya msibani. Nimeliosha, nimelipuliza, nimelianika juu ya kitambaa cheupe. Gasto ana kitambaa cheupe? Hata shati hana.

Nimefunga kila kitu. Imebaki skrubu moja. Nadhani waliweka ya ziada. Petroli nimeirudisha yote, dumu nimelikung'uta mpaka ile nzito ya chini ikatoka. Mtu masikini hamwagi kitu.

Ikawaka! Ikanguruma kama mpya. Nimepita mbele ya Gasto, nimegeuza, nimepita tena. Honi sikuiachia. Akanipungia spana. Wivu mtupu.

Jumatano, 11 Juni

Imezimika katikati ya reli.

Nimeisukuma. Mwanamke mmoja mwenye beseni la nyanya kichwani kanipita, kaniuliza kwa upole kama naiuguza au naenda kuizika. Nimechelewa kazini, msimamizi kanipa mistari ya mbali, yenye miba.

Jioni nimefungua pampu. Chujio nililoliacha likimetameta limevaa utando wa njano, unavutika kama ulimbo! Uchafu wa kawaida hauko hivyo. Hii ni hujuma. Mtu katia kitu tangini. Nimejiuliza ni nani asubuhi hii alitabasamu bila sababu. Gasto.

Alhamisi, 12 Juni

Nyuki! Nimeamka nimewakuta wametanda kwenye pikipiki, kwenye tangi, kwenye kiti. Mmoja kaning'ata sikio. Mama Cecilia kasema kwao nyuki wakija hivyo ni mgeni wa heri. Nimemwambia heri gani, sikio limekuwa kama andazi.

Gasto kavuka barabara kutazama. Kasema hajawahi kuona mtu anafuga nyuki kwenye pikipiki, labda nipake rangi niandike Mzinga Express. Kisha akaacha kucheka, akauliza eti ile petroli niliitoa nikaiweka kwenye nini. Huyo! Anataka kuiba ujuzi wangu. Nimemjibu kwamba hiyo ni siri ya kazi. Kasema sawa kaka, kaa na siri yako, ila ukikwama njiani mimi siji kuuliza mara mbili.

Nimemwaga petroli yote yenye hujuma, nimeosha tangi, nimeosha pampu na chujio upya. Nimekwenda kituoni, nimejaza petroli safi moja kwa moja tangini. Na ya akiba nimeitia kwenye dumu la njano, nimelifunga nyuma kwa mpira. Safari hii nimelala na pikipiki chumbani. Nione Gasto atapitia wapi.

Ijumaa, 13 Juni

Nimeondoka Manyoni jua linachomoza. Pikipiki inakwenda kama imetumwa na serikali. Nimeimba. Nimeyapita malori mawili yaliyoegeshwa. Nikayafanyia mazoezi maneno ya kumwambia Eliya: nitashuka taratibu, nitapangusa vumbi, nitamwambia mdogo wangu asante kwa kunipashia kiti moto, sasa inuka.

Nilipofika Issuna nikaona bora nisichezee bahati, nikaongeza ile akiba ya dumu. Sikumaliza hata kilomita mbili. Kikohozi kile kile! Nikairudisha Issuna, sokoni, nikiisukuma.

Nimefungua pampu mbele ya duka. Utando wa njano. Nimekaa chini nikawaza. Pikipiki nililala nayo, tangi niliosha mwenyewe. Ina maana Gasto ana watu mpaka Issuna! Sikujua kwamba ni mkubwa kiasi hiki.

Basi la Singida limepita. Kondakta kaniita, nafasi ipo. Ritha naye kapiga, kasema kwa sauti ya chini, ile mbaya: Baba Damari, acha hilo lichuma hapo, panda gari, mtoto anauliza. Nikasema nakuja, nakuja. Lakini kuacha pikipiki? Niingie nyumbani kwa miguu, Eliya amekaa? Nimelala kwenye baraza la duka. Nyuki wamenifuata mpaka giza likaingia.

Jumamosi, 14 Juni

Asubuhi kuna pikapu iliyotoka hapa hapa Issuna, imejaa watu waliovaa vizuri, wanaimba. Nikasimama katikati ya barabara. Wakasimama. Nikamwamkia mzee aliyekaa mbele, Ezekieli, shikamoo, nikaomba msaada. Kauliza naenda wapi. Ulemo. Wakapiga vigelegele, nao wanakwenda Ulemo! Pikipiki ikapakiwa nyuma, kando ya kreti za soda na dumu kubwa la asali.

Kauliza jina. Nikasema Andrea, ambalo kweli ni langu, la ubatizo. Huku nyuma kijana mmoja wa suti akanieleza kwamba wanapeleka barua ya posa. Binti anaitwa Damari.

Nilitaka kusema ndimi baba yake. Mdomo niliufungua kabisa. Ndipo shangazi mmoja mnene akasema binti ni mzuri, mama yake mchapakazi, ila baba mtu, jamani, amepotelea Manyoni kwenye asali, kila kitu kinashikwa na mdogo wake Eliya, ndiye mwenye akili. Wakanigeukia, wakauliza kama namfahamu huyo baba. Nikasema nimemsikia kwa mbali.

Nikajiambia tukifika nitateleza nyuma ya nyumba, ninawe uso, nitokee kitini. Ingewezekana. Lakini tulipofika Ulemo wageni walipokelewa kwa nyimbo, tukapangwa mstari, shangazi kanishika mkono, nikaingizwa sebuleni na kuketishwa kwenye mkeka wa wageni. Mbele yangu kiti cha baba. Juu ya kiti, Eliya. Kavaa koti langu.

Akaniona. Namjua mdogo wangu, alinitambua papo hapo. Akatabasamu, akauliza wageni mmefuata nini na mko akina nani. Mzee Ezekieli akataja mmoja mmoja. Alipofika kwangu kasema na huyu ni Andrea, tumemwokota njiani.

Eliya akasema karibu sana, Bwana Andrea.

Damari akaja na maji ya kunawisha wageni. Kapiga goti, kainua macho. Birika likamponyoka. Ritha akatokea jikoni na mwiko mkononi, akapaza sauti: Baba Damari! Unafanya nini kwa wakwe?

Shangazi mnene akajifunika kanga uso mzima.

Nikainuka kwenda kwenye kiti. Mzee Gervas, baba yetu mdogo, akanizuia kwa fimbo. Kasema aliyeingia na waposaji amekuja kuposa, atakaa upande wao mpaka jibu litoke, na upande ule msemaji ni mshenga wao, Ezekieli, peke yake. Hivyo binti yangu ameposwa mbele yangu nami sina ruhusa ya kufungua mdomo. Eliya akajibu ndiyo. Akajibu vizuri, shetani yule. Hata mimi ningesema hivyo hivyo.

Damari akanipakulia mwisho, lakini akanijazia firigisi chini ya wali, asione mtu. Akaninong'oneza kwamba nanuka petroli na kwamba amefurahi nimefika. Firigisi nimezimaliza zote.

Jumapili, 15 Juni

Nimeosha pampu na chujio hapa uani kwangu. Sasa naziosha macho nimefumba. Eliya kaja kutazama, bado na koti langu, kasema labda tatizo ni chombo. Chombo! Mtu asiyejua hata pampu inakaa wapi.

Wageni wameacha dumu lao, asali imeshahamishiwa mitungini. Dumu imara, kubwa kuliko la Mama Cecilia. Nimelijaza petroli ya kurudia Manyoni, nikalifunga nyuma. Safari hii Gasto na watu wake watanitambua.

Ritha kasema siku ya kumuaga Damari, Mzee Gervas atatoa kiti kwa atakayewahi kati yangu na Eliya. Nimemwambia asiwe na shaka. Sherehe ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nane. Ijumaa inayoitangulia, kabla ya adhuhuri, nitakuwa hapa kwa pikipiki. Wakae wasikilize honi kutokea kisimani.