Kama Selim Alirudi

Jumatatu, 4 Agosti

Siku ya ishirini na tatu ya eda ya Mama. Televisheni bado imefunikwa kanga. Shangazi Mwanaidi aliifunika siku ya mazishi ya Baba, kabla hata jeneza halijatoka ndani, na hakuna ruhusa ya kuifunua. Alikuja kutoka Mchinga na begi moja. Nilidhani atakaa siku tatu. Jana kaletewa begi la pili.

Mama hali. Chai ya rangi asubuhi, chai ya rangi jioni. Kutwa amelala kauelekea ukuta. Leo, kwa mara ya kwanza tangu hitima, kaniuliza kitu. Kauliza kama Selim karudi.

Ilinibidi nifikiri. Selim! Yule wa tamthilia ya Kituruki, “Malango Saba”, ambayo yeye na Baba wameiangalia miezi minane, kila siku saa kumi na moja jioni. Selim alimwacha mkewe Nermin akaenda mjini. Baba alishikilia kwamba atarudi. Mama alishikilia kwamba mwanamume aliyeondoka bila kuaga harudi. Walibishana mpaka kwenye chakula. Baba kafa, ubishi haujaisha. Na hii ndiyo wiki ya mwisho. Ijumaa mambo yote yatajulikana.

Ninalo daftari la filamu na tamthilia nilizoziona. Mia mbili na kumi na nne, zote nimezipa alama. “Malango Saba”: mbili juu ya kumi. Niliitazama dakika ishirini. Kochi letu lina nafasi tatu, na kila jioni Baba aliupigapiga mto wa nafasi ya tatu, mimi nikapita na kitabu changu. Alama nimeiacha ilivyo. Mhakiki hahongwi na msiba.

Mpango wa kwanza: kumshawishi Shangazi. Shahada yangu ya fasihi haijanipa kazi, lakini hoja ninazo. Shangazi kanisikiliza mpaka mwisho. Kisha kasema mjane wa eda haonwi na wanaume wasio maharimu wake, na wale wa kwenye televisheni wanatazama moja kwa moja ndani ya nyumba za watu. Nikasema hawaoni. Akauliza nimejuaje, niliwahi kuingia humo?

Jibu nimelitafuta mpaka Magharibi.

Jumanne, 5 Agosti

Mpango wa pili. Bora sana. Nilimwomba Shangazi tumfungulie Mama redio, asikie mawaidha. Akakubali, akaniombea dua. Nikaiweka redio mbovu ya Baba juu ya televisheni, kanga nikaiacha ilivyo, na saa kumi na moja kamili nikabonyeza rimoti niliyoificha kwenye kiganja.

Dakika kumi nzuri kuliko zote mwezi huu. Mama akageuka kutoka ukutani. Nermin alikuwa analia. Shangazi akauliza ni mawaidha gani hayo ya mwanamke kulia. Nikasema ni mchezo wa redio, una mafunzo. Akauliza analilia nini. Nikamweleza. Akasema huyo Salumu, ndivyo alivyolisikia jina la Selim, hana adabu, angekuwa kwao Mchinga angeshawekewa kikao. Akasogeza kigoda.

Ndipo ikaja picha ya jua kali. Uso wa Selim ukajitokeza kwenye kanga, mkubwa, ndevu kwenye mji wa kanga na paji kwenye pindo. Akatutazama wote watatu.

Shangazi alijitupa juu ya Mama kumsitiri. Kisha akachomoa waya wa umeme, akaung'oa na nyuma ya televisheni, akauzungusha kiunoni kama kibwebwe. Ndivyo anavyotembea sasa, plagi inaning'inia ubavuni.

Filamu niliyoiona kwenye basi la Dar mwezi Machi, jambazi alijificha nyuma ya pazia saa nzima asionekane. Uongo mtupu. Nimeishusha kutoka nne hadi mbili.

Jumatano, 6 Agosti

Mpango wa tatu: niangalie mimi, nimsimulie Mama. Simu yangu ilitumbukia kwenye ndoo siku ya mazishi, kwa hiyo amebaki Mama Jerome. Jirani yetu, fundi cherehani, Mmakonde wa Newala, mkarimu kupita kiasi. Kaniwekea kiti cha mbele.

Adhabu! Anatangulia kusema kila kitu. Sasa atageuka, sasa atalia. Na kweli anageuka, analia. Hilo ni kosa la mwandishi, lakini nilimchukia yeye. Anaamini filamu bora iliyowahi kutengenezwa ni ya Kihindi, ambamo ng'ombe anatoa ushahidi mahakamani. Ninayo kwenye daftari. Moja juu ya kumi. Tulibishana juu ya ng'ombe huyo mpaka Nermin akauza shamba bila mimi kuona.

Nyumbani nilikaa kitandani kwa Mama nikatoa ripoti. Nilianza na mwanga. Nikaja kwenye muziki, unavyotuamuru kulia kabla hatujaamua wenyewe. Nikagusia kope za Nermin, zilizopakwa wanja hata usingizini. Nusu saa. Ni uhakiki bora kuliko wote niliowahi kuutoa, pamoja na ule wa chuo.

Mama alisikiliza kafumba macho. Kisha akasema, “Sikukuuliza kama ni nzuri, Sauda. Nimekuuliza kama karudi.”

Akageukia ukuta.

Alhamisi, 7 Agosti

Leo nimemeza uhakiki wangu wote. Nimesimulia kama ilivyo. Selim kafukuzwa kazi. Yuko stendi, begi mkononi, tiketi mfukoni. Nermin kawasha taa kwenye lango la saba. Basi linaunguruma. Imeishia hapo.

Mama aliinuka akakaa. Akauliza tiketi ni ya wapi. Akauliza kama kamnunulia mkewe chochote. Na huku akiuliza alikuwa anakula uji! Nikinyamaza kijiko kinasimama, nikiendelea kijiko kinakwenda. Kwa hiyo niliendelea. Niliongeza hali ya hewa. Niliongeza abiria wawili. Nusu bakuli.

Chini ya pazia la mlango niliona miguu ya Shangazi, na plagi.

Nimeelewa sasa. Selim akirudi, Mama atakula. Asiporudi, sijui. Baada ya Isha nimemwombea dua. Sijawahi kumwombea mhusika wa alama mbili.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane! Nilisahau kabisa. Saa kumi na moja kasoro dakika tano nimefika kwa Mama Jerome, nimekuta kufuli. Wote wamekwenda Ngongo kwenye maonyesho, kuangalia ng'ombe. Ng'ombe tena.

Nikakimbia mpaka mgahawa wa karibu na stendi. Wanaume watupu, mpira. Niliomba nusu saa. Nikaeleza kuhusu eda, mjane, miezi minane, Selim. Mwenye mgahawa akasema tupige kura. Kura yangu ilikuwa moja. Mzee mmoja akanihurumia, akauliza kwa upole, “Huyo Selim anachezea timu gani, mwanangu?”

Nimerudi saa kumi na mbili. Shangazi alikuwa kisomoni nyumba ya tatu. Mama alikuwa ameoga. Ameketi kwenye kochi, kwenye nafasi yake, mbele yake sahani ya wali imefunikwa kawa. Hajaigusa. Ananisubiri mimi.

Marudio ni kesho saa nne asubuhi. Ningeweza kusema hivyo. Kinywa kikasema: karudi.

Nikaendelea. Jioni, mvua kubwa, taa karibu izimike. Kabisha hodi. Nermin kafungua.

“Kasema nini?” Mama akauliza.

“Kasema, ‘Mmeshakula?’”

Hayo ni maneno ya Baba. Alikuwa akiyasema kila akiingia, kabla ya kuvua viatu. Yalinitoka yenyewe. Mama alicheka, kisha akalia, kisha akafunua kawa akala wali wote, mpaka ukoko. Akasema basi, Baba yako kashinda.

Nilikuwa nimekaa kwenye nafasi ya tatu bila kujua.

Kumpa mhusika maneno ya marehemu ni mbinu rahisi, ya kitoto. Katika filamu yoyote ningeikata alama tatu.

Jumamosi, 9 Agosti

Shangazi katoka saa tatu na nusu kwenda kununua samaki. Karudi saa tano na nusu bila samaki, macho mekundu. Nilikuwa nimeshaisikia sauti yake kupitia ukuta wa Mama Jerome, akimwambia Salumu apande haraka.

Kanivuta uani, jikoni. “Hakurudi,” akasema. “Kapanda basi la upande mwingine.”

Kisha akauliza nani kanifundisha kudanganya ndani ya nyumba ya msiba. Mama alikuwa ameshamwambia asubuhi, kwa furaha, kwamba Salumu karudi. Nikasema Mama kala. Kala wali wote, hata sufuria tupu yeye Shangazi ameiona. Shangazi akaufungua waya kiunoni, akaufunga upya. Akasema kama ni hivyo, jambo hili tusiliache mikononi mwa msichana na daftari lake, linataka mtu mzima alitie nguvu.

Hapo ndipo nilipaswa kumpa maelezo yangu. Mvua, jioni, taa. Sikumpa.

Akaingia ndani, akaketi karibu na Mama kwenye kochi, akasema naye kaona kwa macho yake mwenyewe, kwa bahati tu, alipokuwa anapita. Salumu karudi! Kaja asubuhi, jua linawaka, juu ya pikipiki, na mbuzi wawili na gunia la korosho. Mke kamkataa mara tatu. Kapiga magoti. Kaitwa shehe.

Mama akamtazama. Kisha akanitazama mimi. Akasema jana alikuja jioni, mvua inanyesha.

Shangazi akasema mvua ilikatika. Mimi nikasema alikuja mara mbili.

“Kumbe hakurudi,” Mama akasema.

Kisha nikaona kitu kibaya. Mama alitabasamu, tabasamu la mtu aliyeshinda. Akasema, “Nilimwambia. Miezi minane namwambia, huyu harudi.” Akageukia upande wa nafasi ya Baba na kidole amekiinua, kama alivyozoea wanapobishana.

Kidole kikabaki hewani.

“Sasa nitamwambia nani?”

Amekwenda kulala. Chakula cha mchana kimetoka chumbani kama kilivyoingia. Cha jioni vilevile. Shangazi kaurudisha waya nyuma ya televisheni, lakini hakuna aliyeiwasha.

Jumapili, 10 Agosti

Nimefikiri sana, na kosa nimeliona. Hatukuwa na muswada. Waongo wawili, hakuna muswada! Hakuna tamthilia duniani inayotengenezwa hivyo.

Mama kanywa nusu kikombe. Andazi kalikata vipande vinne akaviacha. Lakini mchana, bila kugeuka, kauliza kuanzia kesho saa kumi na moja wataweka nini. Shangazi kasema ni ya Kifilipino, ya dada wawili na kiwanda. Sijaiona. Nimeipa tatu.

Haina haja ya kuonwa. Eda imebaki miezi mitatu na ushei, na nina daftari jipya la kurasa mia mbili. Nitaiandika yote mwenyewe, kipindi kwa kipindi, nakala mbili za kumsimulia Mama, moja ya Shangazi aikariri. Ameshadai mbuzi wawepo. Nimemkubalia mmoja. Mvua haitanyesha hata siku moja, na wanaume wote humo watakuwa maharimu.

Kipindi cha kwanza nimekimaliza sasa hivi. Mume anaondoka nyumbani asubuhi bila kuaga.

Atarudi. Hilo nimeshaliamua.