Fundi Asiyepanda Paa

Pale Haverhill, baridi ya kwanza ikianza kuuma masikio, wenye akili hununua kuni kavu. Wasio na akili walimpigia simu Wendell Pomerleau.

Gari lake lilikuwa na kila kitu cha fundi wa dohani, mtu wa kusafisha njia za moshi za paani: brashi ndefu, ndoo ya masizi, kofia ndefu nyeusi ya kizamani aliyoivaa kwa sababu wateja waliipenda, na ngazi ya alumini ambayo karatasi ya bei ilikuwa bado imebandikwa ubavuni. Ngazi hiyo haikuwahi kuegemea ukuta wa mtu. Wendell alikuwa mwoga wa kwenda juu, tena mvivu, na juu ya yote hayo alikuwa na dharau: kwake kupanda paa ilikuwa kazi ya wajinga. Masizi ya usoni alijipaka mwenyewe kila asubuhi, kwenye kioo cha gari, kama bibi harusi anavyojipaka wanja.

Utapeli wake ulikuwa mwepesi. Alitangaza bei ya kusafisha dohani ambayo hakuna bahili angeiacha ipite. Akishaingia ndani alitandika turubai, akachomeka ndani ya meko fimbo yenye kamera, akaizungushazungusha huku akiguna kama daktari aliyeona jambo. Kisha alitoa simu na kuonyesha video: matofali yaliyopasuka, moshi wa miaka ulioganda ukawa mweusi kama lami, na ufa ambao cheche ingeupitia moja kwa moja hadi kwenye mbao za chumba cha kulala. Video ilikuwa hiyohiyo siku zote. Aliiokota mtandaoni, wala hakujua dohani ile ni ya jimbo gani. Na kila aliyeonyeshwa aliapa kuwa ni ya kwake! Kuna daktari wa meno alishika kifua akasema, "Mungu wangu, na watoto wanalala palepale juu!" Akalipa matengenezo ya dohani isiyo na kasoro hata moja. Ukitaka kumhurumia, mhurumie wewe. Mimi sina nafasi.

Basi Oktoba moja ikaingia simu ya Mama Verna Ordway, mjane, sauti inatetemeka vizuri sana.

"Mwanangu, ndiye wewe unayesafisha dohani kwa bei ya huruma?"

"Ndiye mimi, mama. Huruma ndiyo inayoniponza."

Alipofika na kuiona nyumba, Wendell alisahau hata kuvaa kofia. Ilikuwa nyumba ya mbao ya zamani za kale, imesimama mlimani peke yake, na katikati ya paa ilichomoza dohani pana kama banda la kuku. Ndani ndiko alikochanganyikiwa kabisa: sakafu za mbao pana za msonobari, meko manne yaliyoizunguka dohani hiyo moja, na jikoni tanuri la mkate ndani ya ukuta. Nyumba za namna hii hujengwa dohani kwanza, halafu mbao zote za sakafu na dari huiegemea hiyo. Wendell hilo hakulijua, maana hakuwahi kuuliza.

Alichokijua ni kwamba yeye, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, alikuwa akiishi katika chumba cha chini ya nyumba ya dada yake Odette, kitanda kimebanwa kati ya mashine ya kufulia na tangi la maji moto. Odette alikuwa na desturi ya kufua alfajiri. Kila mashine ilipoanza kutikisika, Wendell aliamka akijiapiza kwamba ipo siku atakuwa na nyumba yake, na Odette atakuja kwa mwaliko, atabonyeza kengele mlangoni na kusubiri afunguliwe.

Papo hapo, akiwa amesimama mbele ya meko ya sebuleni, mpango wa zamani ukamtoka kichwani na mpya ukaingia. Kwa nini amuuzie bibi kizee huyu matengenezo? Aichukue nyumba yenyewe.

Akachomeka fimbo. Akaguna. Akaguna tena, safari hii na kichwa akitikisa.

"Kaa chini, mama."

"Nimeshakaa, mwanangu."

"Basi kaa vizuri." Akamwonyesha video. "Unaona ufa huo? Dohani hii imekwisha. Hapa hakuna kutengeneza. Ukiwasha moto, moto hautapanda, utaingia ukutani. Na hewa yenye sumu, ile isiyo na harufu, itakushukia umelala. Hutajua kama umekufa."

Mama Ordway aliitazama video hadi mwisho, miwani puani, mdomo wazi. Halafu akatoa leso.

"Yesu wangu! Na mimi nilikuwa nataka kuiuza niende Florida kwa dada yangu, baridi ya hapa imenichosha mifupa. Sasa nani atanunua kaburi?"

Wendell alichekea tumboni. Lakini usoni aliweka huzuni, na huzuni alikuwa nayo akiba ya kutosha.

"Ila mwanangu," mjane akasema, "si afadhali upande juu ya paa ukaangalie na kwa huko? Huenda si mbaya hivyo."

"Mama, kamera imeona yote."

"Ngazi ninayo kwenye banda."

"Ngazi hata mimi ninayo. Fundi mzoefu hahitaji kupanda."

Mama Ordway akamkatia kipande cha pai ya tufaha, kikubwa, chenye mdalasini, kingali cha moto. Akamtazama akila. Kisha akauliza tena, kwa upole, kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa kabla ya kulala.

"Huna haja ya kupanda kabisa?"

"Mama Ordway," Wendell akasema, mashavu yamejaa, "miaka yote hii sijawahi kukosea dohani."

"Haya," akasema mama. "Wewe ndiye mtaalamu."

Siku ya tatu Wendell alirudi na maua. Alisema hakulala kwa kumfikiria. Yeye ni fundi, ana jamaa wa kumsaidia, angeweza kuichukua nyumba hiyo jinsi ilivyo, kwa bei ya nyumba mbovu bila shaka, ili mama apate nauli ya kwenda kwenye jua kabla ya theluji. Mama Ordway alilia. Alimshika mkono, akamwita malaika. Na kati ya machozi na machozi alipandisha bei mara mbili, jambo ambalo Wendell aliliona la kuchekesha kwa bibi wa umri ule. Akalipa kwa furaha. Akiba yote ya madaktari wa meno wa Haverhill ikaenda hapo, na mkopo juu yake.

Mezani kwa wakili, wakili akauliza kama mnunuzi hatataka mkaguzi aipitie nyumba kwanza, kama kila mtu afanyavyo.

"Mkaguzi wa nini? Mkaguzi ni mimi," Wendell akasema, akijipiga kifua. "Dohani imekufa, nimeikagua mwenyewe, nimemwambia mama mwenyewe, na ninaichukua hivyohivyo. Andika."

Wakili akaandika. Mama Ordway akapenga kamasi.

Odette alipopewa habari aliacha nguo nusu kwenye mashine.

"Wewe Wendell, umenunua nyumba? Kwa nani? Kwa nini akuuzie wewe?"

"Kwa sababu anaamini dohani ni mbovu."

"Na si mbovu?"

"Odette, dada'ngu, nani amesema ni mbovu? Si mimi?" Akacheka mpaka akakohoa. "Kuna mtu anayejua uongo wangu kuliko mimi?"

"Umepanda ukaangalia?"

"Na wewe umeanza!"

Odette akamtazama sana. Wiki ileile alikipangisha kile chumba cha chini kwa mwanamke mwenye mbwa wawili, na akasema mbwa wana adabu zaidi.

Sikukuu ya Shukrani ilipofika mwishoni mwa Novemba, Wendell aliandaa karamu. Alinunua bata mzinga aliyekwisha kuokwa, akapanga viti, na mchana Odette akaja, akabonyeza kengele mlangoni akasubiri, kama ndoto ilivyotaka. Wendell alichelewa kumfungulia makusudi. Kisha akamkalisha mbele ya meko ya sebuleni, akajaza kuni, tena mbichi, maana kavu zilikuwa ghali kidogo, akawasha.

Kwa muda palikuwa pazuri. Moto ulinguruma, bata alinukia, Wendell alinyoosha miguu.

"Sema sasa," akasema. "Sema kaka'ngu ni mtu."

"Kaka'ngu," Odette akasema, "mbona ukuta unatoa moshi?"

Moshi ulikuwa ukitoka kwenye msumari wa picha. Kisha ukaanza kuteremka ngazi kutoka vyumba vya juu, polepole, kama mgeni aliyelala humo. Kengele ya hewa ya sumu ikalia. Dohani yenyewe ikaanza kunguruma kwa ndani, mngurumo wa kutisha, na jiwe moja likadondoka katikati ya kuni na kutawanya cheche kwenye zulia. Wendell akaikimbilia kengele ili aing'oe betri, kwa akili zake akidhani kelele ndiyo hatari. Odette akamkamata ukosi, akamburuta hadi nje kwenye majani yaliyooza, na ndiye aliyewaita zima moto. Walizima moto. Wakamwambia Wendell asiwashe tena hata kiberiti, wala tangi la kupashia nyumba joto, maana moshi wake nao ulipitia dohani hiyohiyo. Kisha wakaondoka, na mmoja wao akaondoka na paja la bata.

Kesho yake Wendell alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani: alimwita fundi wa kweli. Alikuja mwanamke mmoja, Thea Kincaid, mwenye mikono kama makasia na kiburi cha kumtosha. Alipanda juu, akakaa huko kitambo, akashuka akicheka kicheko kibaya.

"Hii umeinunua?"

"Nimeinunua."

"Marehemu Ordway alichoma kuni mbichi miaka thelathini. Ndani kumeungua, kumepasuka, chokaa imekuwa unga. Kuitengeneza ni kuibomoa, na ukiibomoa, sakafu zote zinakufuata, maana zimeiegemea. Kuvunja nyumba nzima nako huruhusiwi, mji umeshaiandika kuwa ya kale. Kila mnunuzi aliyeleta mkaguzi, mkaguzi alishuka na mnunuzi akakimbia. Mafundi wote wa hapa wanaijua dohani hii." Akaiangalia kofia yake. "Wewe si fundi wa hapa?"

Wendell akaivuta kofia hadi machoni. Thea Kincaid akadai ujira wake, akahesabu mbele yake, akaenda.

Wakili naye alicheka, ila kistaarabu. "Umshitaki bibi huyo kwa kosa gani, bwana? Kwamba alikuficha ubovu? Wewe ndiye uliyemwambia ubovu huo. Mbele yangu. Ulijipiga kifua."

Basi akampigia simu mjane. Kule Florida kulisikika maji na watu wakicheka.

"Mwanangu! Hujambo? Umekula vizuri sikukuu?"

"Mama Ordway, ulijua!"

"Nilijua nini?"

"Kwamba dohani ni mbovu!"

"Si uliniambia mwenyewe? Nikalia, huyoo, nikalia!"

"Ulinitapeli, bibi wewe!"

Sauti ya kutetemeka ikaacha kutetemeka.

"Sikiliza, kijana. Rafiki yangu Mildred alikulipa hela za mazishi yake kwa ile video yako. Alinisimulia yote, na kwamba ngazi hata hukuishusha garini. Nikamwambia, Mildred, huyu ndiye mtu ninayemtafuta, mtu wa kununua dohani bila kuitazama. Nilikuomba upande juu. Nikakupa ngazi. Nikakupa pai ili nikupe muda wa kufikiri. Ungeweka mguu mmoja tu kwenye ngazi ningekufukuza na brashi yako. Hukupanda, mwanangu. Mildred yupo hapa, nimemrudishia hela zake, anakusalimia."

Simu ikakatika. Wendell akabaki amekaa kwenye nyumba yake ya meko manne, amevaa makoti mawili na ile kofia nyeusi, anapuliza vidole. Kwa Odette hakuna nafasi, kuna mbwa. Benki haitaki kusikia. Theluji ilikuwa imeanza. Nyumba aliyoiota miaka yote ilikuwa yake kabisa, na mtu yeyote mwenye huruma angesikitika hapa. Mimi nilijaribu, nikashindwa.

Kengele ya mlangoni ikalia.

Alikuwa mwanamume wa makamo, ndevu zimechongwa, masizi shavuni yamepakwa pande zote mbili sawasawa. Nyuma yake, kwenye gari, Wendell aliona ngazi mpya, na ubavuni mwa ngazi karatasi ya bei.

"Habari za mchana, mzee. Nasafisha dohani, bei ya huruma. Nikiwa barabarani nimeiona ya kwako, roho ikaniuma."

Wendell alimkaribisha. Yule bwana akatandika turubai, akachomeka fimbo, akaguna. Wendell akasikia mguno na kujua bado ni mwanafunzi. Kisha simu ikatolewa, na Wendell Pomerleau, mwaka huo wa aibu, akaonyeshwa video yake mwenyewe. Ufa ule. Lami ile.

"Hali mbaya, mzee," mgeni akasema, lakini macho yake yalikuwa yamekwisha kuondoka kwenye simu, yanapita juu ya mbao za msonobari, yanaingia jikoni, yanalipapasa tanuri la mkate.

Wendell aliyaona macho hayo. Aliyajua.

Akakaa chini taratibu. Akatoa leso. Sauti yake ilipotoka ilikuwa inatetemeka vizuri sana.

"Ole wangu, mwanangu! Na nilitaka kuiuza. Lakini si afadhali upande juu ya paa ukaangalie na kwa huko?"

"Mzee," yule bwana akasema, akitabasamu, "kamera imeona yote."

Wendell akaenda jikoni kumkatia pai.