Chura Kwenye Mazishi ya Mama

Jamani, leo nimeaibika katika mabara mawili kwa mpigo mmoja. Mtu wa kawaida huaibika sehemu moja, anajifunika blanketi, yanaisha. Mimi hata sijui nijifiche upande gani.

Nianze mwanzo, maana nikianzia mwisho mtasema nimelewa.

Mnajua mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Sydney. Mwalimu wa kibarua. Shule ikipungukiwa mtu wananipigia, isipopungukiwa nakaa nyumbani, mtaa wa Toongabbie, nakunja nguo. Basi shule zilipofungwa kwa sababu ya korona na watoto wakaanza kusomea kwenye skrini, bahati ikanigeukia (ndiyo, kuna watu walipata bahati kwenye korona, msinitazame hivyo). Nikabuni somo la sauti za herufi kwa wadogo, nikiwa nimejigeuza chura. Kuna filta kwenye kompyuta inakuvika kichwa kizima cha chura. Macho yametoka, mdomo umefika masikioni, na ukiongea nao unafunguka. Watoto wakapagawa. Wazazi wakaandikia shule. Mimi nikavimba kichwa, cha chura na changu.

Chura mwenyewe si wangu. Ni wa mama. Mama alikuwa mwalimu wa chekechea kwetu Taita, na chura wake alikuwa soksi ya kijani aliyoivaa mkononi. Nusu ya kijiji imefundishwa na ile soksi. Mama anaimba, "Chura, chura, toka shimoni!" Watoto wanajibu, "Sitoki, nimelala!" Anaimba tena, "Amka, kumekucha!" Hapo darasa zima linaruka juu kwa kelele, na yeye anaruka nao, hata baada ya magoti kuanza kumsumbua.

Mama alifariki wiki iliyopita. Korona. Naandika haraka ili nisikwame hapo.

Kwenda kumzika haikuwezekana. Mipaka imefungwa. Kutoka unaomba ruhusa, kurudi ni majaliwa. Hata matanga hakuna. Huruhusiwi kumkaribisha mtu sebuleni, na helikopta ya polisi inazunguka juu ya mapaa yetu kama inatafuta nani ana wageni. Wakenya wenzangu waliniachia sufuria za chakula mlangoni, wakarudi nyuma mpaka getini, wakanililia kutoka huko. Basi tukafanya maombi mtandaoni, kila jioni, huku na nyumbani pamoja. Akaunti za bure zilikuwa zinatukata kabla kasisi hajafika amina, kwa hiyo nikawapa ukoo mzima linki ya chumba changu cha kazini, kile cha kudumu, kisichokatika. Na kwa kuwa wazee wetu hawajui kubisha hodi mtandaoni, mlango nikauacha wazi. Ukibonyeza, uko ndani.

Ikumbukeni hiyo linki.

Sasa Helen, naibu mwalimu mkuu wetu, alikuwa ameniomba niwaonyeshe walimu wa shule za jirani jinsi ninavyotumia vifaa vyangu vya mtandaoni, na niwagawie folda yangu ya picha, michezo na sauti. Aliniambia kwa kunong'ona (ilhali tulikuwa wawili tu kwenye simu) kwamba kuna nafasi ya kudumu inakuja. Siku ikapangwa leo, saa kumi jioni. Mama alipofariki, mazishi nayo yakaangukia leo, saa sita mchana ya nyumbani, yaani saa moja jioni huku. Nikaona saa zinatosha. Nifundishe, ninawe uso, niwashe mshumaa, nimuage mama.

Maana mimi ndiye mtoto wa kwanza, na ukoo ulikuwa umenipa neno la mwisho kabla ya jeneza kushushwa. Hilo tu ndilo nililobakiwa nalo. Sikumuuguza, sikumvika, udongo sitautupa mimi. Neno moja. Nimelifanyia mazoezi bafuni wiki nzima.

Helen sikumwambia habari ya msiba. Huku ukisema umefiwa, wanakuahirishia kila kitu kwa upole kabisa, na upole huohuo unampelekea mtu mwingine ile nafasi. Nikanyamaza. Na walimu nikawapa linki gani? Ile ile. Ndiyo niliyokuwa nayo.

Leo basi nikavaa gauni langu jeusi la mazishi, na juu yake sweta ya njano ya kufundishia. Simu nikaizima, nikaifungia kwenye droo ya vijiko, kwa sababu kanuni ya kwanza ninayowafundisha watu ni hiyo: zima simu yako, mambo ya nyumbani yasije yakakuaibisha mbele ya wenzako. (Chekeni kidogo hapo. Nawaruhusu.) Mume wangu alikuwa zamu hospitalini Westmead, ameahidi kurudi kabla ya saa moja aje anishike mkono.

Saa kumi wakaingia. Nyuso za watu waliochoka na kufungiwa ndani. Mmoja alikuwa jikoni anamenya viazi. Mwingine paka amemlalia mabegani. Helen akanitambulisha kwa maneno matamu mpaka nikatamani kukutana na huyo anayemsema.

Nikaanza. Kanuni ya simu. Folda. Gurudumu la majina linalomchagua mtoto wa kujibu. Skrini yote ilikuwa imejaa vifaa vyangu, nyuso zao sizioni wala wao hawaonani, naona tu pembeni idadi ya waliomo. Idadi ikapanda kidogo. Ikapanda tena. Halafu ikaanza kupanda kwa fujo.

Nikajiambia, Wakio mwanangu, wanaitana! Wanaambiana njooni mumwone huyu! Nafasi ya kudumu nikaiona imekaa mbele yangu inanisubiri. Nikanyoosha mgongo. Sauti nikaiongeza, ili hata waliochelewa wasikose kitu.

"Sasa," nikasema kwa Kiingereza changu cha darasani, "tunafika kwa chura. Everybody stand up, please! Hata wewe mwenye viazi."

Nikajivika kichwa. Nikawafundisha jibu kwa Kiswahili, nikawaambia wimbo ukiwa wa lugha ngeni watoto husikiliza sauti vizuri zaidi (hilo nililitunga papo hapo, lakini lilisikika la kisomi). Kisha nikaimba kwa nguvu zangu zote:

"Chura, chura, toka shimoni!"

Walimu wana haya. Maikrofoni nyingine zimezimwa. Nikaweka mkono pembeni ya kichwa, pale ambapo chura angekuwa na sikio, nikarudia kwa ukali wa darasani.

"Nimesema, toka shimoni!"

Na nikajibiwa.

"Sitoki, nimelala!"

Hawakuwa walimu. Zilikuwa sauti nyingi, nzito, za watu wazima, zinapita kwenye spika zinarudi na mwangwi, na nyuma yake jogoo anawika. Toongabbie hakuna jogoo.

Nikaondoa vifaa kwenye skrini. Nyuso zikajaa. Walimu kwa mistari, na katikati yao shangazi zangu, binamu zangu, majirani wa nyumbani, kila mmoja amebana kwenye kidirisha chake na barakoa usoni. Na kidirisha kimoja hakikuwa na uso. Kilikuwa na udongo mwekundu uliorundikwa, watu waliosimama mbalimbali, na jeneza la kahawia juu ya kamba.

Nilikuwa nimelipigia kelele kaburi la mama yangu kwamba atoke shimoni.

"Wakio?" Ilikuwa sauti ya mjomba Mwadime, ndiye aliyeshika maikrofoni ya mazishi. "Ni wewe, mwanangu?"

"Ni mimi, Mjomba." Ule mdomo ukafunguka mpaka masikioni.

"Mbona uko kijani?"

Mdogo wangu Mghendi, ambaye ndiye aliyekuwa ameshika simu ya video, akaingilia. "Dada, tumekupigia mpaka tumechoka! Chifu amekuja akasema tuzike saa hii hii, saa tatu, watu wasijazane. Simu yako imezimwa. Tukasema tuingie tu kwa linki, utatuona, lakini kila tukitaka kukuita wewe unaongea. Tumekuunganisha kwa spika kubwa."

"Tangu lini?"

"Tangu pale ulikuwa unaambia watu wazime simu."

Kwa hiyo waombolezaji walikuwa wamesikiliza somo zima. Gurudumu la majina. Folda. Walisimama kando ya jeneza wakielezwa jinsi ya kupunguza ukubwa wa picha.

Helen akaliona jeneza, akawasha maikrofoni yake. "Wakio, love... is that a coffin?"

"Yes, Helen," nikasema. "That's my mum."

Mwenye viazi akaacha kumenya.

Nikaanza kutafuta kitufe cha kuondoa chura. Mimi, mtaalamu. Mimi niliyekuwa nawafundisha watu. Macho yamejaa machozi, sioni kitu. Nikabonyeza. Chura akavaa kofia ya sherehe. Nikabonyeza tena. Karatasi za rangi zikaanza kumwagika kutoka juu. Kule Taita nikasikia mama mmoja akisema, "Yesu wangu."

"Mjomba, nipeni dakika, nitoe hiki kichwa."

"Chifu anasema hakuna dakika."

Na kweli nikamsikia chifu kwa nyuma: "Muda, jamani. Muda." Watu waliovaa mavazi meupe ya hospitali wakashika kamba.

Kasisi akachukua maikrofoni. Mzee yule hana haraka hata siku ya haraka. Akasema, "Mwacheni aseme hivyo hivyo. Mungu anamjua. Na marehemu anamjua zaidi, huyu chura ni wake."

Sasa lile neno langu. La bafuni. Lilikuwa na shukrani, lilikuwa na utoto wetu, lilikuwa na mahali pa kunyamaza kidogo na kuvuta pumzi. Likayeyuka lote. Nilifungua mdomo, ule mpana, na kilichokuwepo kinywani kilikuwa wimbo tu, na wimbo ulikuwa umefika mahali pake pa mwisho. Waombolezaji walikuwa wameshajibu. Mama naye ni kama alikuwa ameshajibu. Nilichobakiwa nacho ni kusema amka, kumekucha.

Sikuweza. Nikasema, "Basi lala, Mama. Lala."

Kamba zikaanza kushuka. Jeneza likafika nusu, picha ikaganda. Nikaita, "Mghendi! Mghendi!" Hakuna. Mtandao wa nyumbani ulikuwa umekufa, na mimi nimebaki natazama nusu ya jeneza, huku karatasi za rangi zinaendelea kunimwagikia kichwani.

Niliogopa kuwaangalia walimu. Nilipowaangalia, walikuwa wamesimama. Niliwaambia wasimame kwa ajili ya kuruka, na hakuna aliyekuwa ameketi. Mwenye viazi ameshika kiazi kifuani kwa mikono miwili. Mwenye paka analia, paka anamshangaa. Hakuna aliyetoka. Tulikaa hivyo mpaka Helen akasema taratibu, "Tutakaa na wewe, Wakio, mpaka utakapotaka twende." Nikalia kwa sauti, mbele ya wageni, kilio cha nyumbani kabisa. Kila nilipofungua mdomo, chura naye akafungua wake.

Mume wangu aliporudi alikuta mke wake ni chura anayelia. Akazima kompyuta. (Kumbe kuzima tu kungetosha. Utaalamu huo mnauona?)

Simu nikaitoa kwenye droo ya vijiko. Mghendi ameandika, "Dada, tumemaliza salama. Watu wamekataa kuondoka, wanaimba ile ya chura. Wazee na mvi zao wanaruka. Chifu amekasirika." Nikaisoma nikacheka, halafu nikaona aibu kwamba nimecheka, halafu nikalia upya. Sikumwona akifika chini. Hilo halitengenezeki, na sitaki mtu aniambie kwamba ni mapenzi ya Mungu, angalau si wiki hii.

Helen naye ameandika. Ya nafasi ya kudumu hajataja. Anasema walimu wanaomba ile folda, na wanauliza yule chura ni wa nani, wamwandike kwenye masomo yao.

Basi mkikutana na mimi, msinicheke. Au chekeni, lakini mkiwa mmevaa barakoa, nisione. Folda nimeshaituma. Kwenye nafasi ya mtunzi nimeandika jina la mama, bila kumwomba ruhusa. Akija kulalamika, angalau nitajua alinisikia.