Suruali ya Babu Ukutani

Jumatatu, 3 Machi
Somo la kompyuta kwa wanafunzi wa historia. Hii mara ya tatu. Nikianguka tena, chuo kwaheri. Wasiwasi? Mimi? Miaka sita fundi wa fotokopi! Kazi yenyewe: kuchapa barua arobaini za zamani, mashine ihesabu maneno, tuwasilishe Ijumaa. Shangazi kanipa barua ambazo babu alimwandikia bibi akiwa kazini mbali. Ana ombi moja: mashine ihesabu baba yake alimtaja mara ngapi. Alikuwa akimwita Kifaranga. Shangazi, miaka sabini na moja! Nikamwambia hiyo ni rahisi kama kumsukuma mlevi.

Jumanne, 4 Machi
Mwandiko wa babu! Kuku kakanyaga wino. Barua moja, fupi kuliko zote, saa tatu nzima. Miwani, yule binti wa dawati la mbele, keshachapa kumi na mbili. Akaniuliza nimefika wapi. Nikasema namalizia. Akachekea puani.

Jumatano, 5 Machi
Akili hii ingekuwa ya mtu mwingine angejengewa sanamu. Nimeinakili ile barua moja mara thelathini na tisa, nikabadili tarehe tu. Dakika ishirini! Nikalala mchana kama waziri.

Ijumaa, 7 Machi
Aibu. Shangazi alikuja kapendeza, akaketi mbele. Nikabonyeza. Ukutani neno moja likasimama kama mnara: suruali. Mara themanini! Miaka kumi na moja babu anaomba aletewe suruali ya kahawia. Darasa hoi. Miwani akauliza mzee alikuwa akienda kazini amevaa nini. Mhadhiri hakucheka, kanipa hadi Jumatatu.
Kisha shangazi akauliza taratibu, na Kifaranga? Sufuri. Akasema basi, mwanangu, ahsante, sasa najua. Akachukua mkoba wake, akatoka.

Jumamosi, 8 Machi
Nikasoma barua ya pili, kidole juu ya mstari. Kifaranga ameshaota meno? Kifaranga bado anang'ata kila kitu? Nikalia kama mtoto. Nikakimbia kwa shangazi. Hakufungua. Akasema dirishani kwamba nisimtungie uongo wa kumbembeleza. Ataamini mashine tu.

Jumapili, 9 Machi
Zimebaki thelathini na nane. Macho yanawaka moto. Lakini shangazi lazima afurahi, tena afurahi kupindukia! Nimechukua ile barua ya meno. Kifaranga katajwa mara tano. Nimeinakili hadi zikatimia arobaini. Mara mia mbili! Tarehe nimezitawanya vizuri, miaka kumi na moja. Safari hii hakuna atakayegundua.