Mukuye Mukamate Nyumba Yangu Mbio

Kolwezi, siku ya ine, asubui

Kwa Tata Directeur wa Banki ya Lupango Yetu, agence ya Kolwezi

Juu ya: malalamiko, banki inakawia kukamata nyumba

Tata Directeur,

Nakusalimia kwa heshima yote, we na mama wa nyumba yako na batoto. Mi ni Mama Adèle Mbombo, muuzishaji wa bunga ku soko, mwimbaji wa chorale, na mudeni wenu. Ni miezi ine sasa sijalipa ata franka moya ya ile deni ya nyumba. Sikusahau. Sikufilisika. Bunga inauzika muzuri, Mungu asifiwe. Nilikatala kulipa kwa makusudi, nikatumaini mutakuya kunikamatia nyumba, na mpaka leo hamujakuya. Tata Directeur, hiyo ni kazi gani?

Acha nieleze mbele ya kukasirika, juu nikikasirika mbele ya kueleza hautasikia kitu.

Bwana yangu, Tata Symphorien Kalumba, alikuwa magasinier, mwenye kuchunga bintu bya depot, ku kampuni moya ya mawe ya upande wa Mutoshi mpaka balimurudisha nyumbani. Ni mutu mwema: hanywi, hapigi, Siku ya Mungu anavaa tai. Mwaka jana alianza kuchimba shimo ya choo nyuma ya nyumba. Akafika ku mabega, akatoa jiwe moya nyeusi, sawa ile ya cobalt. We ni mutu wa Kolwezi, sina haja ya kukuambia mutu wa Kolwezi anafanya nini akiona jiwe nyeusi. Akaipangusa na shimizi ya kanisa. Akafukia choo. Kesho yake akatoa fotei zote za kukaa mu salon, akapasua ciment, akaanza kuchimba palepale, ndani, ili majirani basione na polisi basisikie. Mpaka leo hatuna choo. Tunaenda kwa jirani, Mama Mushiya, na yeye anauliza kama familia nzima tuko na ugonjwa wa tumbo.

Leo mu salon yangu kuko bajeune tano, vijana ba kuchimba, kamba, ngazi na pompe ya mayi. Ni batoto ba adabu, mi siwasingizie. Bananiita Mama na bukari yangu ya bunga banaimaliza. Courant, umeme ya barrage ya Nzilo, inakatika kila mara niko napika, lakini pompe haisimame. Nililia. Nikaita pasta, pasta akaomba Mungu abariki kazi ya mikono. Nikaita wajomba ba Symphorien bakuye bamukatalishe, bakakaa mu cuisine kuanzia asubui, na mbele ya jua kushuka balikuwa banagombana nani atapata fungu gani. Njo pale niliona mutu moya tu mu huu muji mwenye anaweza kumutoa Symphorien mu ile shimo: banki. Mama Mwadi, mwenye anauzisha samaki pembeni yangu ku soko, aliniapia mbele ya batu kama ukikosa kulipa miezi tatu, banki inakuya na munyororo na kufuli, inafukuza kila mutu. Nikafurahi. Nikaacha kulipa mwezi ule ule. Nilisema mu roho yangu: afazali nyumba isimame ikiwa yenu kuliko ianguke ikiwa yangu.

Sasa sikia malalamiko yangu.

1. Mwezi wa kwanza nilikosa kulipa, nikakaa nangojea fujo. Mulinitumia message ku telefone. Mulisema munanikumbusha kwa upole, tena munanitakia mwisho wa juma muzuri. Kwa upole! Mi sikukosa kulipa kwa upole. Siku ile shimo ilikuwa ku magoti ya Symphorien. Ungetuma ata mulinzi moya na chepeo, angeifunika na kurudi kula saa sita kwake.

2. Mwezi wa pili, ule mama mudogo wa kwenu, Falonne, aliniita ku telefone kuuliza kama niko mugonjwa. Nikamwambia niko muzima, silipi kwa mapenzi yangu. Akasema haina neno, tunaweza kupanga deni upya nikuwe nalipa kidogo kidogo. Tata Directeur, mufundishe ule mutoto ukali. Kesho yake nilikuya mwenyewe ku guichet kulomba kukamatwa. Falonne akanipa kiti. Akanipa mayi ya baridi. Akanieleza sawa mutu anafundisha batoto ba katekisimu: kwanza makumbusho, kisha mise en demeure, ni kusema barua ya kuonya, kisha munanipa muda wa kujibu, kisha huissier, mutu wa tribunal, ni kusema mahakama, analeta amri ya kulipa, na muda ingine juu ya ile amri, kisha amri inaandikwa ku ofisi ya bipande, ile hati ya nyumba, kisha tribunal inasikiliza kila mwenye kuwa na neno, kisha matangazo, na kisha yote hiyo, njo mnada. Nikauliza itakamata muda gani. Akasema nisiogope, inaweza kupita ata mwaka. Nisiogope! Nilitoka pale nikalia mbele ya mulango yenu, na mulinzi akafikiri nimenyanganywa nyumba, akaniambia pole.

3. Barua ya kuonya ilifika wakati shimo ilikuwa imepita kichwa ya Symphorien na kofia yake. Niliiweka juu ya meza kwa kiburi, nikangojea atetemeke. Akavaa miwani, akaisoma yote, kisha akashuka nayo mu shimo akawasomea bajeune, na bajeune bakapiga makofi. Juu ya nini? Juu mulitupa muda! Symphorien alikuwa anafikiri mutakuya siku ileile. Ninyi njo mulimuhakikishia ya kwamba mutakuya kidogo kidogo. Akachukua makala, akaandika ku ukuta wa salon utaratibu wenu wote, kuanzia barua mpaka mnada, na pembeni ya kila kitu akaandika shimo inapashwa kufika wapi. Ile utaratibu njo programme ya kazi yao. Wakati munatupa muda wa kutafakari, batu banatafakari na bisululu. Anakuita associé, mwenzake wa kazi, Tata Directeur. Kila siku mbele ya kula anakuombea afya.

4. Huissier. Jina yake Tata Stany, biatu byake binangaa, mufuko ya ngozi. Nilipomuona ku mulango nilitaka kuimba. Nilimuchinjia kuku. Kwa haki niseme alifanya kazi yake yote: alisoma amri mpaka mwisho, akanisainisha, akahesabu milango na madirisha. Kisha akaomba kuona salon. Akainama juu ya shimo. Akakaa vile ameinama mpaka kuku ikapoa. Kisha akauliza, na sauti ya chini, kama jiwe ni nyeusi-nyeusi ao iko na bluu kidogo, ile ya bei. Akavua koti. Leo Tata Stany njo anapatia pompe mafuta wakati courant inakatika, na anakuya kila siku na bottes za tope. Nikimuuliza habari ya amri yake, ananijibu ya kwamba sheria haikimbizwe.

5. Mnada haujatangazwa ata ku redio, na banunuzi banaanza kuzunguka. Wa kwanza alikuwa Tata Kalonji, mwenye ananunua mawe ya bachimbaji ku depot. Hakuangalia mabati. Hakugonga ukuta. Hakuuliza kama mayi inatoka ku robinet. Alishuka, akapanda, akapangusa mikono, akaniuliza kama nyumba inaweza kuondolewa juu ya shimo. Nyumba, Tata Directeur! Sawa vile mi njo nilienda kuweka nyumba juu ya shimo ya batu.

6. Hii ya sita haina kicheko. Juu ya kitanda ya batoto bangu, Shekina na Ariel, ukuta umepasuka. Kwanza ilikuwa mustari tu, nikasema ni rangi. Siku ya pili iliyopita niliweka vidole, vidole bikaingia. Nilibeba batoto, nikabapeleka kwa yaya yangu, dada mukubwa, ku Manika, na mi nikarudi kulala peke yangu mu ile chumba, nasikia bisululu chini ya kitanda. Tata Directeur, mabati ya ile nyumba niliinunua moya moya na bunga. Mu ile salon njo tulilaza maiti ya mama yangu, tukamulilia siku tatu, na fasi tuliweka sanduku yake leo kunaninginia ndoo. Naogopa. Mi mutu wa kelele, kila mutu ku soko ananijua, lakini nakuambia wazi: naogopa, na nyumbani hakuna mutu mwenye ananisikia.

Kwa hiyo nalomba hivi. Munihesabie tangu leo miezi yote yenye inakuya sawa yenye sikulipa. Naapa sitalipa, na ni mi mwenye nataka, kwa hiyo hakuna mutu mwenye mutamuonea. Kama sheria inakatala, basi mukamate salon peke yake kwanza; bingine tutaona. Kama salon peke yake haikamatwi, basi mukamate Symphorien. Usicheke. Falonne aliniambia ya kwamba kitu yote yenye imeshikamana na nyumba na udongo inakamatwa pamoja na nyumba, sawa robinet, milango, antenne. Bwana yangu anashinda mu udongo wa ile lupango, kiwanja yetu, kuanzia asubui mpaka magaribi. Chakula anapokea na kamba. Ukaidi yake inashikamana na ile nyumba kupita robinet, juu robinet inatoka kama unaivuta. Kwa hesabu yangu yeye ni sehemu ya nyumba, na deni yenu inamufunika. Mumuandike mu karatasi ya mnada, kisha ya madirisha na mbele ya choo, yenye haiko. Mwenye atamununua anirudishie Siku ya Mungu, juu ku chorale tuko na lazima ya sauti ya chini.

Na kama hata ile haiwezekani, basi ulete mwenyewe kufuli, leo, bila karatasi. Mi nitafungua mulango. Nitakupikia. Nikikuona unaingia na kufuli nitakupigia vigelegele mpaka bakusikie kule ku mugodi ya Mashamba.

Nisalimie Falonne, ata kama ni mupole. Nisalimie mulinzi wa mulangoni mwenye aliniambia pole, nisalimie batu ba caisse, na ule mama mwenye anapangusa carreaux ya chini, na familia zao zote. Mungu akutie ukali. Nabaki mudeni wako mwenye heshima na mwenye haraka,

Mama Adèle Mbombo

T.B. Tata Directeur, nilikuwa nalamba bahasha wakati Symphorien alipanda ngazi mbio. Alinipa jiwe mu mikono, nzito, nyeusi, na bluu pembeni. Chini kuko mushipa ya mawe ya ukubwa wa meza. Tumeita Tata Kalonji na chombo yake ya kupima. Alipima, akapima tena, kisha akaniita Madame.

Kwa hiyo barua yangu naituma vile iko juu karatasi ni ya bei kali, lakini kuanzia moya mpaka sita usisome. Nilikuwa na hasira, na mutu mwenye hasira haone muzuri. Ule utaratibu wenu ni muzuri sana, hakuna ata hatua moya ya kutoa. Kama munaweza, muanze tena ku message ya kwanza, juu Tata Stany anasema utaratibu ikianza upya, muda nayo inaanza upya. Symphorien pia tafazali musimuandike ku mnada.

Mushipa inakata kona, inapita chini ya chumba ya kulala. Kitanda nimeitoa mi mwenyewe, na ya batoto pia. Bajeune balitaka kunisaidia, nikasema baendelee na kazi. Ukuta umefunguka zaidi kidogo, tumeegemesha mbao. Batoto babakie kwanza kwa yaya.

Kutoka chumba, Symphorien anasema, inavuka avenue na kuelekea moya kwa moya upande wa agence yenu. Nauliza tu, Tata Directeur: ile jengo ni yenu kabisa, ao na ninyi muko na deni fasi fulani? Na ile carreaux ya mbele ya guichet, chini yake kuko ciment ya nguvu?