Marehemu Lodang Amerudi Bila Taarifa

Wagiman Hadisuprapto,
Karani Mstaafu, Ofisi ya Kilimo,
Kitongoji cha Gatak, Muntilan,
Java ya Kati.

Kwa Mhariri Mkuu,
Nyumba ya Vitabu Lawang Kuning,
Yogyakarta.

YAH: KUFUFUKA KWA MPISHI LODANG KATIKA KITABU CHA SABA, NA MADHARA YAKE KWA KITONGOJI CHETU

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Na kama umewahi kufa ukarudi, natumaini ulitoa taarifa mapema.

Mimi ni msomaji wa riwaya zenu za njozi, Taji la Mlima Moshi, tangu kitabu cha kwanza. Nikisema kweli, ni tangu cha sita, kwa sababu vitano vya mwanzo alivisoma marehemu baba yangu kwa sauti pale barazani, akimsomea mama yangu ambaye macho yake yamefungwa na mtoto wa jicho. Mimi nilikuwa ndani nikipiga pasi, nikisikia. Baba aliruka sura zote za vita na kurudia mara mbili sura za jikoni. Alipofariki nilirithi saruni nne, redio, na kazi ya kusoma. Miezi minne baadaye mkatoa kitabu cha sita.

Kitabu cha saba nilikisoma miezi mitano iliyopita. Nimejizuia kuandika muda wote huo ili hasira zipoe, nazo hazijapoa. Sasa naomba niorodheshe malalamiko yangu kwa namba, kama tulivyozoea ofisini.

1. Mlituambia amekufa. Pengine wapo hapo kwenu wanaochapa vitabu bila kuvisoma, kwa hiyo naeleza. Lodang ni mpishi mnene wa jeshi la Malkia Randuwati, mtu anayekula pilipili kichaa kumi na saba kwa mlo mmoja. Katika sura ya thelathini ya kitabu cha sita anaonja supu ya jeshi na kugundua ina sumu. Askari mia nne wamekwisha panga foleni na bakuli zao, wana njaa, hawasikii la mtu. Basi Lodang anainua sufuria na kuinywa supu yote peke yake. Pak Sungkono, mwandishi wenu, akaandika: "Lodang akafa, na kila mtu akajua kwamba amekufa." Sisi nasi tukajua.

Mama yangu, Ndugu Mhariri, hakulia siku tulipomzika baba. Alizunguka na sinia akigawa chai utadhani mwenye harusi. Lakini kwa Lodang aliweka kikombe chini akalia mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Alipomaliza alijifuta uso akaniambia, "Le, mwanangu, kesho kutwa ni siku ya tatu. Tafuta kuku. Huyu mtu tumekaa naye miaka tisa, hatuwezi kumwacha aende hivi hivi kama paka."

2. Dua zimekwisha kwenda. Kwetu mfiwa huwaalika wanaume wa kitongoji siku ya tatu, ya saba, ya arobaini na ya mia, kisha mwaka wa kwanza, mwaka wa pili, na mwisho siku ya elfu. Wanakuja, wanaomba, wanarudi makwao na boksi la wali. Nilipita nyumba kwa nyumba nikisema tuna dua ya Lodang, na hakuna hata mmoja aliyeuliza Lodang ni nani. Kumuuliza mfiwa swali la namna hiyo ni kumwambia kwamba maiti wake hana jina. Heri ule wali wako unyamaze.

Aliyeuliza ni Pak Modin peke yake, ambaye ndiye kiongozi wetu wa dua, naye aliuliza jina la baba wa marehemu tu. Nikapekua vitabu vyote sita. Halimo. Niliwaandikia ninyi kwa haraka kuwauliza, na mpaka leo nangoja jibu. Pak Modin akakata shauri, akamwombea kama Lodang mwana wa Adamu. Amemwombea hivyo mara sita. Juzi nilimuuliza, kwa kuzunguka sana, kama dua alizoombewa mtu kwa kudhaniwa maiti zinaweza kurudishwa iwapo mtu huyo amekutwa yu hai. Akaniuliza kama nakula vizuri tangu baba afe.

3. Majirani wamemkumbuka. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Hawakusema kwamba wa mbali wakishaingia hawatoki. Siku ya arobaini mtu mmoja alisema Lodang alikuwa mtu mkimya. Siku ya mia wakakubaliana kuwa alikuwa mrefu, na kwamba aliwahi kupanga chumba nyuma ya kiwanda cha barafu. Bu Painah, mjane anayeuza tempe za soya, alisikika akisema kuwa Lodang angeleta posa kwa wakati, yeye asingemkataa.

Lakini aliyezidi wote ni Pak Kasmuri wa nyumba ya pembeni. "Mimi na Lodang tumetoka mbali," alisema huku akifungua boksi lake. "Ile baiskeli yangu ya kijani ni yake. Aliniazima, nikaona haya kumrudishia." Siku ya dua ya mwaka wa pili aliileta baiskeli hiyo, ameisugua inang'aa, akaiegemeza ukutani kwetu na kuomba kwa machozi kwamba ibaki kwa wafiwa. Ninayo. Nikimwambia leo kwamba Lodang yu hai, ataniuliza anakaa wapi ili ampelekee.

4. Aliyerudi si yule. Ukurasa wa mia nne na kumi na mbili wa kitabu cha saba, mlango wa jiko la Malkia unafunguliwa na Lodang anaingia. Maelezo ya Pak Sungkono ni kwamba tumbo lake lilikuwa limejaa pilipili kiasi kwamba sumu ilikosa mahali pa kukaa, kwa hiyo alizimia tu, kisha akaenda kujiuguza kwa dada yake pwani mwaka mzima. Dada huyo hajatajwa katika vitabu sita vilivyotangulia. Wala Lodang hakumtumia Malkia hata salamu. Na amerudi amekonda! Anaomba mboga za kuchemsha, pilipili haitaki. Nilimzika mtu mmoja nikarudishiwa mwingine, na hata dukani ukirudishiwa kisicho chako unaruhusiwa kulalamika.

5. Jiwe limechongwa. Hapa Muntilan nyumba moja kati ya mbili ni ya mchonga mawe, na jiwe la kaburi husimikwa siku ya elfu. Nilipoagiza la baba, mama akasema na la Lodang liagizwe palepale, wachongwe pamoja wasije wakaoneana wivu. Mtunza makaburi akatutengea nafasi kando ya baba. Yeye naye ni mtu wa adabu, hakuuliza mwili uko wapi. Jiwe la baba tumekwisha lisimika. La Lodang liko uani chini ya gunia, lina jina lake na picha ya upawa, na kuku wamelifanya mahali pa kutagia. Siku yake ya elfu ni Jumanne Wage kwa kalenda yetu ya Kijava, wiki saba kuanzia leo. Pak Modin ameiandika kwenye kalenda yake. Pak Kasmuri anatayarisha hotuba.

6. Mama yangu. Haya mengine yote ningeweza kuyavumilia, Ndugu Mhariri. Jiwe ningeligeuza kizingiti. Hili siwezi.

Nilipomsomea ukurasa ule, mama hakushangaa hata kidogo. Alicheka, akapiga makofi, akauliza, "Yaani mwaka mzima alikuwa kwa dada yake, na hakuna aliyekwenda kumtafuta?" Nikamwambia hakuna. Akatikisa kichwa. Kesho yake baada ya magharibi nikaona kikombe cha kahawa kwenye kigoda, kando ya kiti cha baba. Ilikuwa nyeusi, isiyo na sukari, kwa sababu baba hakuonja kahawa yenye sukari maisha yake yote. Nikamuuliza hiki ni cha nani.

"Cha baba yako," alisema. "Lodang alikunywa sufuria zima la sumu na amerudi. Baba yako alikuwa na presha tu."

Tangu siku hiyo kikombe huwekwa kila jioni, na linaloniumiza zaidi ni kwamba kila asubuhi hukutwa kitupu. Mama huingiza kidole ndani kuhakikisha, kisha hupita mbele yangu akiwa na uso wa mtu aliyeshinda kesi. Nimekaa ofisi ya kilimo miaka thelathini na moja, nimewaambia wakulima habari za panya, za ukame na za mbolea iliyochelewa. Lakini kumwambia mama yangu kwamba hakuna anayekuja, siwezi. Naogopa, Ndugu Mhariri. Mlango anautazama kwa macho yasiyoona, naye anautazama kwa furaha. Siku atakayochoka kungoja atafiwa upya, na safari hii hatakuwa na sinia la kuzunguka nalo.

Kwa sababu hizo sita naomba, kwa heshima zote, Lodang auawe tena. Afe katika kitabu cha nane, sura ya kwanza, ukurasa wa kwanza ikiwezekana, nacho kitoke kabla ya Jumanne Wage. Njia mtachagua wenyewe, mimi si mtu katili. Naomba tu mwili uonekane, uoshwe na uzikwe, na dada yake wa pwani awepo atie sahihi. Litajwe na jina la baba yake. Aidha, Pak Sungkono aandike kwa mkono wake kwamba aliyekufa harudi, hata awe amekula pilipili ngapi, nami nitamsomea mama maneno hayo taratibu. Maji yakimwagika hayazoleki, na kazi ya mwandishi si kupita nyuma ya watu na ndoo.

Nisalimie Pak Sungkono, ambaye pamoja na yote anaandika vizuri sana habari za jikoni. Nisalimie wapiga chapa, msahihishaji aliyeacha kosa ukurasa wa tisini, na mlinzi wa getini kama mnaye. Mama anawasalimu bila kujua nawaandikia nini. Pak Modin, Bu Painah na Pak Kasmuri wanawasalimu kama ndugu wa marehemu, maana hivyo ndivyo nilivyowaeleza.

Wako katika kusoma na kufiwa,

Wagiman Hadisuprapto

Nyongeza: Barua hii imelala mezani siku mbili kwa kukosa stempu, na katika siku hizo mambo yamebadilika. Naomba ombi langu la hapo juu lisishughulikiwe.

Kuhusu namba sita, kuna jambo sikulieleza. Kahawa ile nainywa mimi. Siku ya kwanza niliamka alfajiri, nikaikuta imejaa na imepoa, nikainywa ili mama asiikute hivyo akaumia. Siku ya pili nikafanya vilevile, nimesimama. Wiki ya pili nikaanza kukaa kwenye kiti cha baba. Siipendi kahawa chungu. Tangu utotoni mimi ni mtu wa sukari vijiko viwili, na baba alikuwa akinicheka kwa hilo. Lakini kwa miezi mitano nimeinywa mpaka kwenye mashapo, na wakati mwingine niliendelea kukaa pale hata baada ya kikombe kwisha, mpaka nasikia adhana. Hapo ndipo nilipolia, kama mtataka kujua. Msibani sikulia mimi pia.

Jana alfajiri nilipiga funda la kwanza nikasita. Ilikuwa na sukari, vijiko viwili kamili. Nikageuka, mama alikuwa amesimama mlangoni.

"Imekolea, Le?" akaniuliza.

Nikamwambia imekolea. Akasema basi nikimaliza nimsomee, na sura za vita niziruke.

Kwa hiyo msimuue. Mrudishieni pilipili zake tu. Na kitabu cha nane kinatoka lini?